Posho ya Mpagazi

Kuna maneno ya Kiswahili yaliyotoka huku kwetu Pwani, yakapanda bara juu ya mabega ya watu, na leo yanarejea yakiwa yamevaa kanzu nyingine. "Posho" ni mojawapo. Wazee wetu walioajiriwa katika misafara ya kwenda Mumias na Buganda waliijua posho kuwa ni kibaba cha nafaka, apimiwacho mpagazi ili apate nguvu ya kuuinua mzigo kesho yake. Haikuwa ujira. Ujira ulikuwa na hesabu yake mbali, nao ndio uliokuwa haki ya kazi. Posho ilikuwa chakula cha kumfikisha mtu kambi ya mbele, basi.

Neno hili limetumiwa sana tangu tarehe 25 Septemba, 2023. Siku hiyo, katika bustani ya Uhuru mjini Nairobi, Rais William Ruto aliwazindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 na kuwakabidhi mikoba ya vifaa vya kazi. Ikatangazwa kuwa kila mmoja atapata posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ikitoka kwa serikali kuu na nusu kwa kaunti. Mwezi uliofuata, Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi ikatiwa sahihi. Jina lao la Kiingereza nalo likabadilishwa: lile neno lenye maana ya "wa kujitolea" likaondolewa, likawekwa jingine lenye maana ya mtu wa kuhimiza na kuendeleza afya.

Mimi ni mtu wa maneno. Neno likiondolewa mahali, huuliza, je, na kitu chenyewe kimeondoka, au limeondoka jina tu? Swali hili ndilo lililonipeleka Endebess.

Kwa msomaji asiyepajua, Endebess ni mji mdogo katika Kaunti ya Trans Nzoia, kiasi cha kilomita 20 kutoka Kitale, katika njia iendayo Suam mpakani mwa Uganda. Mlima Elgon umepakalia kwa upande wa magharibi. Mlima huo umepata jina lake kwa Wakony, ambao ni tawi la Wasabaot, na Wabukusu wanauita Masaba. Ni nchi ya baridi, ya ukungu wa asubuhi na udongo mwekundu unaoshika kiatu kama unga wa ngano uliozidiwa maji. Zamani za wakoloni ilikuwa sehemu ya zile nyanda walizojitengea walowezi wa Kizungu. Hata leo mashamba makubwa ya shirika la serikali la ADC yametanda huko, na pembezoni mwake wanaishi Wasabaot, Wabukusu, Waturkana, Wakikuyu na wengineo, kila mtu na historia yake ya jinsi alivyofika.

Si nchi ngeni kwetu kama tunavyodhani. Joseph Thomson alipolifikia eneo la Elgon mwaka 1883 na kuyatazama mapango yake, waliombebea mizigo walikuwa watu waliotoka Pwani. Na Uislamu wa Mumias, ulio mkongwe kuliko wa miji mingi ya bara, mbegu yake ililetwa na wafanyabiashara wa misafara hiyo hiyo. Mswahili anayefika huko leo anakanyaga njia ambayo babu zake waliikanyaga wakiwa na gunia kichwani.

Nilikubaliwa kufuatana na mama mmoja mhudumu kwa siku kadhaa. Jina lake nitalihifadhi, kwani hakuomba kuandikwa gazetini. Ni mkulima mwenye watoto wanne, na alichaguliwa na majirani zake katika baraza la chifu, miaka mingi kabla ya hiyo mikoba kutolewa. Alipochaguliwa hakuahidiwa kitu.

Siku yake huanza saa kumi na moja alfajiri. Hukamua ng'ombe, huwasha moto, huwatayarisha watoto kwenda shule, kisha huingia shambani mpaka jua lichomoze juu ya ukungu. Kwenye saa tatu huvaa mabuti ya mpira, huutia mkoba mgongoni, na kuanza kuzunguka. Ndani ya mkoba mna mashine ya kupimia presha, kipima sukari, kipimajoto, mizani, dawa chache za huduma ya kwanza, na utepe wa kupimia mkono wa mtoto mdogo. Mfukoni ana simu ya serikali ya kuandikia habari za kila nyumba.

Kwa utaratibu wa Wizara, mhudumu mmoja anazo nyumba 100, nazo hukadiriwa kuwa na watu 500. Mjini Mombasa nyumba 100 ni mitaa miwili mitatu. Ukipiga hodi huku unasikika kule. Endebess nyumba 100 ni safari. Kati ya mji na mji pana shamba la mahindi, na baada ya shamba pana bonde lenye kijito, na mvua ikinyesha daraja la miti limekwenda na maji. Siku ya kwanza tulizifikia nyumba tano. Yeye alikuwa akinisubiri kila mlimani, na kwa heshima akijifanya anatazama ndege.

Anapofika hapigi mbio kutoa mashine. Hukaa. Huuliza habari ya ng'ombe, ya mvua, ya mtoto aliyekwenda Kitale kutafuta kazi. Huletewa chai ya maziwa, na hainyimi mdomo hata kama ni kikombe cha nne. Nilimwuliza kwa nini apoteze muda hivyo ilhali nyumba ni nyingi. Akanijibu, "Mzee, ukiuliza choo kabla ya kuuliza ng'ombe, utaonyeshwa choo cha jirani."

Basi nikajua niko mbele ya mtu aliyesoma elimu ambayo haina cheti. Maana suala la choo, ndugu msomaji, si la kuchimba shimo tu. Katika jamii kadhaa za magharibi mwa Kenya, mkwe wa kike hawezi kuonekana akiingia choo kimoja na baba mkwe wake. Ni aibu kubwa. Afisa atokaye mjini na karatasi yake ataandika, "Nyumba hii ina choo." Kumbe nusu ya watu wa nyumba hiyo hawakitumii, na huishia porini karibu na kijito cha maji ya kunywa. Mama huyu anayajua hayo kwa kuwa yeye mwenyewe ni mkwe wa watu. Hawakaripii. Huzungumza na mama mkwe faraghani, na baada ya miezi miwili huonekana shimo la pili likichimbwa nyuma ya ndizi, na hakuna aliyeaibika.

Na lugha? Kwa Msabaot husema Kisabaot, kwa Mbukusu Kibukusu, na kwa wengine wote Kiswahili. Kiswahili chao si kile cha Lamu wala cha Mvita. Ngeli huanguka njiani kama viazi kutoka garini. Lakini nilimsikia akimweleza kijana maana ya presha kwa kumfananishia na mpira wa kumwagilia maji uliobanwa kidole mdomoni, na yule kijana akafahamu pale pale. Sisi tunaojivunia ufasaha tujiulize ni mara ngapi ufasaha wetu umemwokoa mtu na kiharusi.

Katika nyumba moja alimpima mtoto mkono. Utepe ule una rangi tatu, na ukisoma chini ya sentimita 11.5 umeangukia nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Ulisoma nyekundu. Nilitazama nje: ghala la mahindi lilikuwa limejaa pomoni. Trans Nzoia husifiwa kuwa ghala la taifa, na katika ghala la taifa mtoto anakonda, kwa sababu mahindi peke yake hayamtoshi mtoto, na maziwa na mayai yameuzwa ili ipatikane karo na mbolea ya msimu ujao. Mama mhudumu hakuhubiri. Alipiga simu ya bodaboda, akampakia mama wa mtoto na mtoto wake kwenda hospitali ya Endebess, naye akatoa nauli mfukoni mwake. Nauli hiyo haikuandikwa popote katika ile simu ya serikali. Hamna mahali pa kuiandika.

Wala kazi hii haikubuniwa Nairobi juzi. Mwezi Septemba mwaka 1978, mataifa yalikutana Alma-Ata, Kazakhstan, wakati huo ikiwa sehemu ya Muungano wa Kisovieti, yakatangaza kuwa afya ya msingi ni haki ya kila mtu, na kwamba wanakijiji wenyewe ni nguzo yake. Nyuma ya tangazo hilo palikuwa na mifano. Uchina, tangu miaka ya 1960, ilikuwa na wale walioitwa madaktari wa miguu mitupu, wakulima waliofunzwa kwa miezi michache na kurudishwa vijijini kwao. Na katika nchi ya Guatemala, huko Amerika ya Kati, daktari Mmarekani Carroll Behrhorst alifungua kituo mwaka 1962 katika mji wa Chimaltenango, miongoni mwa Wamaya wa kabila la Wakaqchikel. Aliona kuwa akikaa kitandani mwa wagonjwa mpaka azeeke, watakuja wengine na wengine, wote na maradhi yale yale ya maji machafu na njaa. Basi akawafunza wanavijiji waliochaguliwa na wenzao. Shirika la Afya Duniani likauweka mradi huo miongoni mwa mifano katika kitabu chake cha mwaka 1975.

Nikisoma habari za Wamaya hao naiona Endebess: watu wa mlimani, wa baridi na mahindi, wenye lugha zao ambazo maofisa wa mji mkuu hawazijui, wakipanda karibu na mashamba makubwa ya watu wengine. Lakini habari ile ina kurasa mbili za majonzi ambazo wenye kusifu kujitolea huzikunja upesi. Ya kwanza ni kwamba vita vya Guatemala vilipopamba moto mwanzoni mwa miaka ya 1980, wahudumu wengi wa vijijini waliuawa. Mtu anayewafunza maskini kuwa ugonjwa wao una sababu, na kwamba sababu hiyo inaweza kuondolewa, huonekana na mwenye bunduki kuwa ni mchochezi. Amani haikutiwa sahihi mpaka Desemba 1996.

Ukurasa wa pili ni wa Uchina. Wale madaktari wa miguu mitupu walikuwa wakilipwa. Kijiji kiliwahesabia siku zao za uganga kama siku za shambani, wakapata fungu lao la mavuno. Mashamba ya pamoja yalipovunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, mfuko ule ukakatika, na jeshi zima la wahudumu likatawanyika. Hawakuwa wamepoteza imani. Walikuwa wamepoteza chakula.

Sasa turejee kwenye hesabu zetu. Shilingi 5,000 ukizigawa kwa nyumba 100, ni shilingi 50 kwa nyumba moja kwa mwezi. Ile nauli ya bodaboda aliyoitoa mama yule siku ile moja ilikula posho ya nyumba kadhaa. Na hapo tunasema posho imefika. Katika kaunti kadhaa imesikika mara kwa mara kwamba nusu moja imefika na nusu nyingine iko njiani, au zote mbili ziko njiani. Kwa upande wa serikali, watu 100,000 mara shilingi 5,000 ni shilingi milioni 500 kila mwezi, yaani bilioni 6 kwa mwaka. Si fedha ndogo, na si haki kusema serikali haikufanya kitu. Kabla ya 2023 wengi wao hawakupata hata hizo. Lakini tazama kinachonunuliwa. Trans Nzoia, kwa sensa ya mwaka 2019, ina watu 990,341. Ukiwagawa kwa watu 500, unahitaji wahudumu karibu 2,000 wa kuingia kila nyumba kila mwezi. Nani angeweza kuajiri maofisa 2,000 kwa bei hiyo? Ni kwa sababu wao ni majirani, na wengi wao ni wanawake, ndipo bei ikawa hiyo.

Na kazi inazidi kuongezwa. Oktoba 2024 bima mpya ya afya ilipochukua nafasi ya ile ya zamani, waliotumwa nyumba kwa nyumba kuwaandikisha watu ni hao hao. Madaktari walipogoma kwa siku 56 mwaka 2024, mgonjwa wa kijijini alimwendea huyo huyo. Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada yake ya afya, na miradi mingi ikafunga milango, maswali ya wagonjwa yaliangukia mlango wake. Daktari ana chama na ana mgomo. Aliyejitolea akigoma anamgomea nani? Anamgomea jirani yake, ambaye kesho atamkuta kisimani.

Kisha liko jambo kubwa zaidi, ambalo sisi wa Pwani tunapaswa kulijua kwa maslahi yetu wenyewe. Katika Mlima Elgon limo pango la Kitum, wanamoingia ndovu usiku kuchimba chumvi kwa pembe zao. Mwaka 1980 Mfaransa mmoja aliyelizuru alifariki Nairobi kwa ugonjwa wa Marburg, na mwaka 1987 kijana wa Kidenmaki aliyelizuru akafariki vivyo hivyo. Mwaka 2017 ugonjwa huo ukazuka wilayani Kween, upande wa Uganda wa mlima huo huo. Na Januari 2025, mwuguzi aliyefariki kwa Ebola Kampala alikuwa amepitia hospitali ya Mbale, mji ulio chini ya mlima ule ule. Maradhi ya namna hii hayajui pasi wala forodha. Yakishuka kupitia Suam, basi lililotoka Kitale jioni linaweza kuwa Mombasa kesho yake. Wa kwanza kugundua kwamba katika nyumba fulani watu watatu wana homa isiyo ya kawaida si profesa wa Nairobi. Ni yule mama mwenye mabuti ya mpira.

Nilikutana na mzee mmoja Endebess, mtu wa busara na mwenye kauli katika kokwet yao, yaani baraza la wazee, akaniambia kwamba fedha itaharibu mambo. "Zamani tulisaidiana bure," alisema. "Ukianza kulipa wema, wema utapanda bei." Hata huku kwetu hoja hii ipo. Tumelelewa katika msaragambo, katika kuzikana na kuozana, na hatujapata kumlipa mtu kwa kubeba jeneza. Ni hoja ya mtu mwema, kwa hiyo inataka jibu la adabu.

Jibu langu nimelitoa chuoni. Tulipokuwa wadogo, mwalimu wetu alitufundisha mafungu manane ya wanaostahiki zaka, kama yalivyotajwa katika Sura At-Tawba. Yumo fakiri, yumo maskini, na wa tatu wao ni yule anayefanya kazi ya kuikusanya na kuigawa. Tazama hekima hiyo. Katika jambo lenyewe la sadaka, ambalo msingi wake ni kutoa, mtumishi wake hakuambiwa afanye bure kwa kuwa kazi ni takatifu. Alipewa fungu lake, na wala haikusemwa kwamba kupokea kwake kunamwondolea thawabu. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alituhimiza kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Hakusema kabla ya robo ya mwaka wa fedha.

Tena kumbeba maiti, analolitolea mfano mzee yule, ni la saa moja. Kuingia nyumba 100 kila mwezi, mwaka baada ya mwaka, ni kazi. Jina la kazi ni kazi.

Wanazuoni wetu wana neno: faradhi kifaya. Ni wajibu ambao wakiutekeleza baadhi, wengine wote husalimika. Wakiuacha wote, wote hupata dhambi. Kumwosha na kumsalia maiti ni mfano ambao kila mtoto wa chuoni anaujua. Lakini Imamu Ghazali, zaidi ya miaka 900 iliyopita, aliuingiza na utabibu katika wajibu huo. Basi mama yule wa Endebess, awe anajua au hajui, awe wa dini hii au ile, ametubebea wajibu. Anapotoa nauli mfukoni mwake anailipia dhima yangu mimi na wewe, tulioketi barazani na kahawa yetu.

Fauka ya hayo, yeye si wa Endebess peke yake. Yuko Kwale, yuko Magarini, yuko visiwani Lamu, anavuka kwa mashua badala ya kuvuka bonde. Pengine ndiye huyo aliyepiga hodi kwako wiki iliyopita ukamwambia mtoto aseme baba hayupo.

Rai yangu ni nyepesi. Kwanza, serikali mbili zikubaliane nani analipa na siku gani, na siku hiyo iandikwe katika sheria za kaunti kama ilivyoandikwa siku ya mshahara wa karani. Pili, nauli ya kumpeleka mgonjwa iwe na fungu lake, mbali na posho. Tatu, misikiti na kamati zetu za zaka zitazame kama hapana njia ya kusaidia nauli hiyo katika mitaa yetu, maana mgonjwa fakiri ni mwenye haki bila shaka yoyote. Na nne, ambalo halina gharama: tumkaribishe ndani, tumpe kiti na kikombe cha chai, tumjibu kweli akituuliza.

Kuhusu jina, nimekwisha kupata jawabu langu. Neno "kujitolea" limeondolewa katika karatasi, lakini katika miguu ya watu lingalipo. Kitenzi chenyewe kinasema wazi: ni mtu kutoa nafsi yake kwa ajili ya wengine. Na nafsi, tofauti na hazina ya serikali, haina bajeti ya nyongeza. Ikitolewa ikaisha, imekwisha. Wale wapagazi wa zamani hawakuambiwa kwamba posho ndiyo ujira wao. Walipewa posho njiani, na walipofika walidai haki yao. Huyu wa leo anabeba mzigo uzito wake taifa zima, amekwisha kupimiwa kibaba, na bado hajaambiwa kambi ya kulipwa iko wapi.